Uanzie Mada, Tendo au Kisa? Ulinganisho wa Njia Tatu za Kupanga Wasilisho la Mafunzo

Mkufunzi anayepewa saa moja ya kufundisha jambo fulani hukabiliwa na uamuzi mkubwa kabla hajafungua programu ya slaidi, na aghalabu huufanya bila kujua kwamba ameufanya. Uamuzi huo unahusu mahali pa kuanzia kupanga. Anaweza kuanza na mada, yaani kuorodhesha yote yaliyomo katika somo na kuyagawia dakika. Anaweza kuanza na tendo, yaani kujiuliza mshiriki atatakiwa kufanya nini atakaporudi kazini, kisha akarudi kinyumenyume hadi kufikia slaidi ya kwanza. Anaweza pia kuanza na kisa, yaani kuwaweka washiriki mbele ya tatizo linalofanana na yale watakayokutana nayo, na kuacha maarifa yaingie pale tatizo linapoyadai. Njia zote tatu zinaweza kuzaa slaidi nadhifu. Tofauti zake hujitokeza muda unapokwisha kabla ya slaidi, mshiriki anapouliza swali lisilokuwamo katika mpango, na pale anapotakiwa, wiki kadhaa baadaye, kufanya kile alichofundishwa.

Ili ulinganisho huu usielee hewani, nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mafunzo ya dakika 60 kwa watumishi 25 wa ofisi kuhusu matumizi ya kizimamoto cha mkononi. Nimeuchagua kwa sababu karibu kila mtu ameuona mtungi huo ukutani, wachache wameushika, na kosa la kuutumia vibaya halihitaji kuelezwa gharama yake.

Somo moja, mipango mitatu

Anayeanza na mada ataandika orodha ya namna hii: moto ni nini, pembetatu ya moto, yaani joto, kitu kinachoungua na oksijeni, makundi ya moto, aina za vizimamoto, sehemu za mtungi, jinsi ya kuutumia, ukaguzi na matengenezo, kanuni za usalama. Hizo ni mada nane, kila moja kwa dakika saba, na zinabaki dakika nne za maswali. Mpango huu una sura ya kitabu, na hapo ndipo penye nguvu yake. Hakuna kinachosahaulika, mkaguzi akiuliza kama kanuni zilifundishwa, jibu lipo, na mkufunzi mwingine anaweza kuuchukua kesho akaufundisha bila maelezo marefu. Udhaifu wake ni kwamba unazipa mada zote uzito mmoja na kuzipanga kwa mantiki ya somo, wala si kwa uzito wake kwa anayefundishwa. Jinsi ya kuutumia mtungi inakuja ya sita, baada ya dakika 35, na kwa kuwa mafunzo mengi huanza kwa kuchelewa, ndiyo mada inayofikiwa wakati mkufunzi ameshaanza kusema kwamba hili atalipitia haraka.

Anayeanza na tendo haandiki mada yoyote kwanza. Anajiuliza: moto ukizuka chini ya meza ya jirani, mtumishi huyu afanye nini? Akilifuata swali hilo kwa uaminifu atagundua jambo ambalo orodha ya mada haikulionyesha hata kidogo, nalo ni kwamba tendo la kwanza si kuvuta pini. Tendo la kwanza ni kuamua kama moto huu ni wa kuzimwa au wa kukimbiwa. Vizimamoto vingi vidogo vya poda humalizika kwa muda usiofika nusu dakika. Kwa hiyo moto uliokwisha kupanda hadi darini, chumba kilichojaa moshi, au njia ya kutokea iliyo upande wa pili wa ndimi za moto, yote hayo yanamtaka mtu aondoke. Baada ya uamuzi huo ndipo yanafuata mengine: kupaza sauti na kutoa taarifa, kuchukua mtungi unaofaa, kusimama mlango ukiwa nyuma yako, kuvuta pini, kuelekeza mdomo wa mtungi kwenye shina la moto, kubana mpini wake, na kufagia kushoto na kulia. Mpango unaotokana na hapo una sehemu tatu tu, ambazo ni kuamua, kuchagua na kuzima. Pembetatu ya moto inapewa sentensi mbili, kwa kuwa inasaidia kueleza kwa nini mtu hulenga kile kinachoungua badala ya kulenga ndimi. Matengenezo ya mtungi yanaondolewa kabisa na kuhamishiwa kwenye kitini, yaani karatasi za maelezo wanazopewa washiriki, kwani si kazi ya watumishi hawa 25.

Anayeanza na kisa ataonyesha picha moja ya ofisi na maneno machache: jioni, watu wengi wameshaondoka, mashine ya fotokopi inatoa moshi, mwenzako amekuja mbio na ndoo ya maji, na kizimamoto kinaning'inia ukutani nyuma ya mashine hiyohiyo. Unafanya nini katika nusu dakika ijayo? Washiriki wanajadiliana wawili wawili, wanatoa majibu, wanapingana, na kupingana kwao ndiko kunakoyaita maarifa mezani. Mmoja atasema maji yamwagwe, na hapo ndipo mahali pa kueleza kwamba maji na kifaa chenye umeme havipatani. Mwingine atataka kuruka aufikie mtungi, na hapo ndipo mahali pa kueleza kwamba mtungi ulio nyuma ya moto uhesabiwe kuwa haupo. Kisa cha pili kitabadilisha jambo moja tu, kwa mfano kinachoungua kiwe mafuta, na cha tatu kitabadilisha jingine. Wasilisho la namna hii huwaamsha watu kuliko yote mengine, lakini lina hatari yake: mjadala ukinoga, kisa kimoja humeza saa nzima, na mshiriki huondoka akiwa na kumbukumbu tamu ya ubishi na ujuzi haba wa kubana mtungi.

Hakuna njia iliyo mpya kati ya hizi. Ya mada ni ya kale kama darasa lenyewe. Ya tendo ilipata sura yake inayojulikana zaidi mwaka 1962, Robert Mager, mtaalamu wa mafunzo wa Marekani, alipopendekeza kwamba lengo la mafunzo liwe na vipengele vitatu, yaani tendo linaloonekana, masharti ambayo tendo hilo litafanyika chini yake, na kiwango cha kutosheleza. Mwaka 1998 Grant Wiggins na Jay McTighe waliieneza tena shuleni kwa jina la kupanga kinyumenyume. Ya kisa imekaa muda mrefu katika vyuo vya sheria na biashara, na katika udaktari ilipata msukumo mkubwa kutoka Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1969 na kujenga masomo yao juu ya matatizo ya wagonjwa. Mwalimu aliyezoea kuandika andalio la somo atatambua kwamba lengo mahususi analolijaza kila siku ni mjukuu wa Mager, ingawa walimu wengi, nami nikiwamo kwa miaka mingi, hulijaza lengo hilo mwishoni, baada ya kuamua watakachosema.

Kipimo cha kwanza: njia ipi inakusaidia kukata?

Kama ningelazimishwa kulinganisha njia hizi kwa kipimo kimoja tu, ningechagua hiki. Uwazi wa wasilisho hutegemea zaidi kilichoachwa nje kuliko ustadi wa kupanga kilichobaki, na mkufunzi anayelijua somo lake vizuri ndiye anayeona uchungu zaidi kuacha. Mtaka yote hukosa yote, na katika chumba cha mafunzo anayekosa ni mshiriki.

Kuna sababu ya kiakili ya jambo hili. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika makala mashuhuri iliyokadiria kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vipatavyo saba, ukiongeza au kupunguza viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alirejea ushahidi na kuishusha hesabu hiyo hadi karibu vinne. John Sweller, kuanzia mwaka 1988, alijenga juu ya msingi wa Miller nadharia ya mzigo wa akili, ambayo kwa ufupi inasema kwamba anayejifunza ana nafasi ndogo ya kuchakata mambo mapya kwa wakati mmoja, na kila jambo la pembeni analopewa linakula nafasi ya jambo la msingi. Watu wengi huichukua saba ya Miller na kuifanya kanuni ya idadi ya mistari kwenye slaidi. Hiyo si hoja yake hata kidogo. Mistari iliyoandikwa ipo mbele ya macho, haihitaji kukaririwa. Kinacholemea akili ni idadi ya mawazo mageni yanayotakiwa kuunganishwa papo hapo.

Sasa tuzipime njia zetu. Mpango wa mada hauna kisu. Ukiuuliza kama historia fupi ya vizimamoto iingie au itoke, utakujibu kwamba ni sehemu ya somo, na kila kitu ni sehemu ya somo. Ndiyo maana mawasilisho ya aina hii hunenepa kila mwaka: kila mkufunzi huongeza slaidi zake na hakuna mwenye sababu ya kuondoa hata moja. Mpango wa tendo una kisu kikali, kwa sababu kila kipengele kinakabiliwa na swali moja lisilo na huruma: mshiriki asipolijua hili, ni hatua gani ya tendo itakayoharibika? Kama hakuna, kinatoka. Mpango wa kisa una kisu pia, lakini kipo mikononi mwa kisa chenyewe. Kisa kilichochaguliwa vizuri huita maarifa yanayohitajika na kuyaacha mengine. Kisa kilichochaguliwa kwa sababu kinasisimua huita yale yanayokifaa chenyewe, hata kama mshiriki hatayahitaji maishani.

Kwa hiyo kwa kipimo cha uwazi, tendo linashinda waziwazi. Lakini si kila mafunzo yana tendo moja linaloonekana, na hapo ndipo kipimo cha pili kinapoingia.

Kipimo cha pili: nani ameketi mbele yako?

Hili ndilo eneo ambalo wakufunzi hukosea wakiwa na nia njema kabisa. Wanasikia kwamba watu wazima hujifunza kwa kushiriki, nao wanaingia kwa kisa kigumu mbele ya watu wasiojua lolote kuhusu somo. Utafiti wa mzigo wa akili unaonya dhidi ya jambo hilo. Sweller na Graham Cooper walionyesha mwaka 1985, katika aljebra, kwamba wanaoanza hunufaika zaidi kwa kuisoma mifano iliyokwisha kufanyiwa kazi hatua kwa hatua kuliko kwa kuachiwa matatizo wahangaike nayo wenyewe. Mwaka 2006 Paul Kirschner, Sweller na Richard Clark waliandika hoja kali zaidi wakipinga ufundishaji wenye mwongozo haba kwa watu wasio na msingi. Wafuasi wa ujifunzaji kwa matatizo waliwajibu kwamba njia yao ina mwongozo mwingi kuliko inavyodhaniwa, na kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa zikisema jambo moja linalomfaa mkufunzi: kisa bila msingi ni adhabu, kisa chenye ngazi za kupandia ni somo.

Upande wa pili wa sarafu unasahaulika zaidi. Mwaka 2003 Slava Kalyuga na wenzake walieleza jambo walilolikuta mara kwa mara katika majaribio, kwamba mbinu inayomsaidia anayeanza hupoteza nguvu, na wakati mwingine humrudisha nyuma, yule mwenye ujuzi. Maelezo ya hatua kwa hatua ambayo mgeni anayashukuru, mwenyeji anayaona kama kelele inayomlazimisha kulinganisha anachoambiwa na anachokijua tayari. Kila mkufunzi ameshawaona watu hao: wameketi nyuma, simu mkononi, na mara mojamoja wananyanyua uso kusahihisha kosa dogo.

Tukirudi kwenye mfano, watumishi wa ofisi ambao hawajawahi kushika mtungi wanahitaji kuonyeshwa tendo kwanza, kisha walifanye, ndipo wapewe visa. Kikosi cha walinzi ambacho kimeshapata mafunzo hayo mara tatu hakihitaji kuelezwa tena pini ni ipi. Kipewe kisa katika dakika ya kwanza, kigumu cha kutosha kuwatofautisha, na maelezo yaje pale tu wanapokosea. Na wahandisi wa usalama wanaojiandaa kwa mtihani wa cheti wanaweza kabisa kufaidika na mpango wa mada, kwa sababu kazi yao wakati huo ni kuuona uwanja wote na jinsi sehemu zake zinavyohusiana. Hii ndiyo hali ambayo mpango wa mada hustahili heshima inayonyimwa siku hizi: pale hadhira ina vipande vingi tayari na kinachokosekana ni ramani.

Kundi lenye mchanganyiko wa wageni na wenyeji ndilo gumu kuliko yote, nalo ndilo la kawaida. Suluhisho ambalo limenifaa ni kuanza na swali moja la uamuzi ambalo kila mtu anajibu peke yake kwa kuandika, kisha anajadiliana na jirani, kisha anajibu tena. Eric Mazur alianza kuitumia mbinu ya namna hii katika madarasa ya fizikia ya Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jibu la kwanza humwonyesha mkufunzi nani yupo wapi, na mjadala humpa mwenyeji kazi ya heshima ya kueleza badala ya kukaa akisubiri.

Gharama za kuandaa

Katika hili nitakuwa mfupi. Mpango wa mada ndio wa bei nafuu: mtu anayelijua somo huukamilisha kwa jioni moja. Mpango wa tendo hudai mazungumzo na watu watakaofundishwa au wasimamizi wao, kwa kuwa tendo halisi la kazini mara nyingi si lile lililoandikwa kwenye barua ya kuomba mafunzo. Mpango wa kisa ndio ghali kuliko yote, si kwa sababu ya kuandika kisa, bali kwa sababu kisa kinatakiwa kujaribiwa na watu wachache kabla ya siku yenyewe. Kisa ambacho hakijajaribiwa huwa na jibu moja lililo wazi mno, au maelezo yenye tundu ambalo washiriki watalipenya na kutumia dakika 15 kulijadili. Ukubwa wa kundi nao una neno. Kwa watu 12 njia yoyote inawezekana. Kwa watu 200 katika ukumbi, kisa kinabaki kuwa mazungumzo ya jirani kwa jirani, na tendo linabaki kuwa onyesho la mbele, isipokuwa uwe na wasaidizi wa kutosha.

Slaidi: vidokezo au sentensi

Njia ya kupanga huacha alama zake kwenye slaidi. Anayepanga kwa mada huandika kichwa cha neno moja au mawili, "Aina za vizimamoto", na chini yake vidokezo sita. Anayepanga kwa tendo huvutwa na mtindo ambao Michael Alley amekuwa akiutetea kwa wahandisi na wanasayansi, ambapo kichwa cha slaidi ni sentensi kamili inayodai jambo, na chini yake kuna picha, mchoro au kielelezo kinacholithibitisha. "Usimwagie maji kifaa chenye umeme" ni sentensi inayojitegemea. Hata mshiriki aliyepitiwa na usingizi, akizinduka na kuiona, ataondoka na kitu.

Vidokezo si uovu kwa asili yake. Vinafaa pale vitu vinavyoorodheshwa vina uzito sawa kweli, na pale mpangilio wake hauna maana. Tatizo ni kwamba vinaficha uhusiano kati ya mawazo na kuyapa yote sauti moja, na wakati mwingine jambo zito huangukia kwenye kidokezo cha ngazi ya chini. Mfano mchungu zaidi ni wa chombo cha anga Columbia, kilichosambaratika tarehe 1 Februari 2003 na kuua wanaanga wote saba. Kilipokuwa bado angani, wahandisi waliwasilisha slaidi kuhusu kipande cha povu kilicholigonga bawa wakati wa kuruka. Mstari uliosema kwamba kipande hicho kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio yaliyotegemewa yalitumia cha inchi za ujazo 3, ulikuwa chini kabisa ya slaidi, chini ya kichwa kilichotoa hisia ya matumaini. Edward Tufte, mtaalamu wa kuwasilisha takwimu kwa michoro, aliichambua slaidi hiyo, na bodi ya uchunguzi iliutumia uchambuzi wake katika ripoti ya mwaka huohuo. Ajali hiyo ilikuwa na sababu nyingi, na slaidi peke yake haikuisababisha. Lakini mtu aliyelazimika kuandika kichwa chake kama sentensi wazi inayodai jambo moja angelazimika kwanza kuamua jambo kuu la slaidi ile lilikuwa lipi.

Kuna swali linaloambatana na hili: je, slaidi zitumike pia kama kitini? Waandaaji wengi hupenda hivyo kwa sababu huokoa kazi. Mimi naona ndiyo chanzo kikubwa cha slaidi mbovu. Slaidi inayojitosheleza bila msemaji ina maneno mengi mno mbele ya msemaji, na slaidi inayomwachia msemaji nafasi haiwezi kusomeka peke yake baada ya mwezi mmoja. Majaribio ya Richard Mayer na wenzake kuhusu maneno na picha yalionyesha kwamba, kwa kawaida, mchoro ukifuatana na maelezo ya sauti hufundisha vizuri kuliko mchoro, sauti, na maandishi yaleyale yakiwa yote kwenye skrini kwa pamoja, maana macho huacha mchoro na kukimbizana na maneno. Hapa pana tofauti muhimu: kama washiriki wanasikiliza kwa lugha ambayo si yao ya kwanza, au mmoja wao hasikii vizuri, maandishi yanarudisha thamani yake. Lakini kwa hadhira ya kawaida, andika kitini cha kurasa mbili chenye sentensi kamili, na ziache slaidi ziwe chache na pana.

Kanuni za tarakimu

Msomaji atakuwa ameshakutana na kanuni za namna ya slaidi 10, dakika 20 na herufi za ukubwa wa 30, ambayo ni ya Guy Kawasaki, au ya slaidi 20 za sekunde 20 kila moja, ambayo ilizaliwa Tokyo mwaka 2003 kwa jina la PechaKucha. Zote mbili ni nzuri kwa kazi zilizokusudiwa. Ya kwanza ilitungwa kwa wanaoomba fedha kwa wawekezaji, na ya pili kwa wabunifu waliokuwa wakionyesha kazi zao kwa zamu bila mtu mmoja kuteka jioni nzima. Mafunzo si ombi la fedha wala maonyesho, na mshiriki anayehitaji dakika tano kwenye mchoro mmoja hatasaidiwa na saa inayosukuma slaidi mbele. Kutoka kwa Kawasaki chukua ukubwa wa herufi, mengine yaache.

Kusema na kufanya

Njia ya tendo na njia ya kisa zinatofautiana na ya mada kwa jambo jingine: zinatenga dakika za washiriki kufanya kitu. Mkufunzi wa mada huona dakika hizo kama maudhui yaliyopotea, na akilinganisha idadi ya vipengele vilivyotajwa ana haki ya kusema hivyo. Lakini kutajwa si kubaki. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini. Baadhi waliisoma tena, baadhi walijaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano waliosoma tena walikuwa mbele, lakini baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliojaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Matokeo hayo yanaeleza kwa nini dodoso la kuridhika linalojazwa mlangoni humpendelea mkufunzi aliyezungumza sana: linapima dakika ile ya tano.

Kwa stadi za mikono kuna mfano wa zamani ambao bado sijauona ukizidiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Marekani vilihitaji kufundisha haraka watu wengi wasiokuwa na uzoefu, na mpango wa serikali wa mafunzo kazini uliwapa wasimamizi utaratibu wa hatua nne: mwandae anayejifunza, mwonyeshe kazi, mwache aijaribu huku akieleza, kisha mfuatilie. Huo ni mpango wa tendo uliovuliwa mapambo yote, na unatosha kwa mafunzo mengi ya mashine, fomu na mifumo ya kompyuta ambayo leo hufundishwa kwa slaidi 60.

Uchague ipi?

Kama mshiriki atarudi kazini na kufanya jambo linaloweza kuonekana na kupimwa, panga kwa tendo. Kama atarudi kufanya maamuzi katika hali zinazobadilikabadilika, kwa mfano msimamizi anayeshughulikia malalamiko, na tayari ana msingi wa kazi hiyo, panga kwa kisa, na uandae visa vitatu vifupi badala ya kimoja kirefu. Kama anajiandaa kwa mtihani, au ana ujuzi uliotawanyika unaohitaji ramani, au sheria inadai kila kipengele kitajwe na kusainiwa, panga kwa mada, lakini upange uzito wake: mada moja ipewe theluthi ya muda, na zile za kutimiza masharti zikae kwenye kitini.

Wapo waandaaji ambao hawana hiari, kwa kuwa wameletewa orodha ya mada iliyokwisha kupitishwa na wakuu wao. Hapo usibishane na orodha. Ichukue kama ilivyo, kisha kando ya kila mada andika tendo ambalo mada hiyo inalihudumia. Zile zitakazobaki bila tendo zitaje kwa sentensi moja kila moja, uonyeshe ukurasa wa kitini zilipo, na dakika ulizookoa zipeleke kwenye jaribio.

Kwa mfano wetu wa kizimamoto, ningezigawa dakika 60 hivi. Dakika tano za kwanza ni za kisa cha mashine ya fotokopi, kikiwa swali tu, bila majibu kutolewa. Kumi zinazofuata ni za kuamua kuzima au kuondoka, kwa slaidi tatu zenye picha za moto wa ukubwa tofauti. Kumi nyingine ni za kuchagua mtungi. Dakika tano ni za mkufunzi kuonyesha tendo zima mara mbili, mara ya kwanza kimya, mara ya pili akieleza. Dakika 22 ni za washiriki kujaribu katika vikundi vitano vya watu watano, kila kikundi na mtungi wake wa mazoezi, ili kila mtu apate zamu ya dakika nne. Dakika nane za mwisho tunarudi kwenye kisa cha mwanzo na kimoja kipya, projekta ikiwa imezimwa, na kila mtu anajibu kwa kuandika kabla ya kusema. Mafunzo yakianza yakiwa yamechelewa dakika tano, ninakata kwenye sehemu ya kuchagua mtungi, kwa kubakiza aina zilizopo katika jengo hilo pekee. Dakika 22 za kujaribu haziguswi.